Upinde wa Mti Uliojipinda

Siku mkienda msituni, watoto, tafuteni mti mdogo ulionyooka kabisa, usio na fundo wala kombo. Mtatafuta sana. Mti huu waonekana mzuri kwa mbali, lakini mkiukaribia mtaona umepinda katikati. Ule una fundo pale palipokuwa na tawi. Wa tatu umejisokota kama kamba.

Hapa Bengamisa, kadiri ya kilometa 50 kaskazini ya Kisangani, katika njia iendayo Banalia na Buta, msitu ni mnene. Miti midogo husongana chini ya miti mikubwa. Kila mmoja hujipinda huku na huku ili upate mwanga wa jua. Basi, mtu akitaka kutengeneza upinde, atafanyaje? Je, autupe mti uliopinda? Au aulazimishe unyooke? Sikilizeni kwanza habari ya mtoto mmoja.

Mtoto na mpera

Mtoto huyo alikata mpera uliopinda nyuma ya nyumba yao. Mpera ni mti mgumu, tena haukatiki upesi. Watoto wengi huutumia kwa kutengeneza manati. Alichukua panga, akauchonga pande zote mpaka ukanyooka kama rula. Akafurahi sana. Akafunga kamba, akavuta. Mara ya kwanza upinde ulikubali. Mara ya pili na ya tatu ulikubali pia. Mara ya nne ukalia "ta!", ukavunjika vipande viwili. Kipande kimoja kikampiga juu ya jicho, damu ikatoka. Kingepiga chini kidogo tu, jicho lingepotea.

Akampelekea babu yake vile vipande. Mzee akavigeuza mkononi, akapitisha kidole mahali palipovunjika. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mti huu haukuwa mbovu. Wewe ndiwe uliyezikata nyuzi zake."

Mtoto akauliza, "Babu, nyuzi gani?"

Nyuzi za mti

Mti si kitu kimoja kama jiwe. Ndani yake mna nyuzi nyembamba sana, maelfu na maelfu, zilizoshikana pamoja. Nyuzi hizo zaenda toka mizizini hata matawini. Mti ukisimama wima, nyuzi husimama wima. Mti ukipinda, nyuzi nazo hupinda. Mti ukijisokota, nyuzi huzunguka shina kama kamba ya porini iliyopanda juu ya mti mkubwa. Pale penye tawi, nyuzi huachana, hulizunguka tawi, kisha hukutana tena, kama maji ya mto Lindi yanavyolizunguka jiwe.

Sasa chukueni kijiti kibichi chenye ganda, mkipinde polepole. Tazameni vema. Upande wa nje, ganda lavutika mpaka linachanika. Upande wa ndani, ganda lajikunja na kufanya makunyanzi. Ndivyo ilivyo kwa upinde. Upande unaotazama shabaha huitwa mgongo. Nyuzi za mgongo huvutwa. Upande unaomtazama mpiga upinde huitwa tumbo. Nyuzi za tumbo husongwa.

Uzi mzima ukivutwa, wavumilia. Uzi uliokatwa hauwezi kuvumilia. Hujitenga na wenzake, na ufa huanza hapo. Yule mtoto alipounyoosha mpera wake kwa panga, alizikata nyuzi za mgongo mahali pengi. Upinde ulionekana umenyooka, lakini ndani yake nyuzi zilikuwa vipande vipande.

Basi, hii ndiyo sheria ya kwanza ya fundi wa upinde: fuata nyuzi, usifuate rula. Nyuzi zikipinda, upinde nao upinde. Upinde wenye kombo wenye nyuzi nzima ni bora kuliko upinde ulionyooka wenye nyuzi zilizokatwa.

Kombo za mti

Kombo zote si sawa. Zipo zinazovumilika, na zipo zisizofaa kabisa.

Kombo ya kwanza ni kupinda. Mti umepinda upande mmoja, kama njia inayozunguka kilima. Mti wa namna hii wafaa, na mara nyingi waweza kunyoshwa kidogo kwa moto au kwa mvuke.

Kombo ya pili ni kujisokota. Tazameni mistari ya ganda: je, yapanda wima, au yazunguka shina? Kama ganda halionyeshi kitu, menyeni sehemu ndogo, mkadondoshe tone la wino juu ya mti mkavu. Wino hukimbia kufuata nyuzi, nanyi mtaona njia yake. Nyuzi zikizunguka robo ya duara toka ncha hata ncha, au chini ya robo, mti huo waweza kutumika. Zikizidi hapo, tafuteni mti mwingine.

Kombo ya tatu ni fundo. Fundo dogo lililo zima si tatizo, kama fundi akiliachia mti wa kutosha pande zote. Fundo lililooza, au fundo kubwa lililo katikati ya mgongo, halifai.

Kombo ya nne ni nyuzi zinazopishana. Hii haionekani kwa nje. Katika miti mingi mikubwa ya nchi zetu za joto, nyuzi huzunguka upande wa kuume kwa muda, kisha hugeuka na kuzunguka upande wa kushoto, tabaka juu ya tabaka. Maseremala wa Kisangani waijua sana. Wakipiga randa ubao wa lifaki, mstari mmoja walainika na mstari wa pili wachanika. Ubao kama huo hupendeza kwa kabati na milango, kwa sababu mistari yake hung'aa. Lakini kwa upinde haufai, kwa maana ukichonga, popote utakapopita utakata nyuzi. Ndiyo sababu upinde wetu hautoki katika ubao wa dukani. Unatoka katika mti mdogo au tawi.

Mti wenye ufa, au uliotobolewa na wadudu, msiuchukue hata kidogo.

Kukata na kupasua

Wazee wenu wajua miti ya msitu kwa majina yake, na waweza kuwaambia ni ipi iliyo migumu na inayorudi upesi ikikunjwa. Waulizeni. Wawindaji wengi leo hutumia bunduki na mitego, nao vijana wengi hawajui tena kutengeneza upinde. Mzee akifa bila kuulizwa, elimu yake yafa pamoja naye. Kwa mafunzo ya kwanza, mpera wa nyumbani watosha.

Ombeni ruhusa kwa mwenye mti. Chagueni shina au tawi lenye unene wa kifundo cha mkono. Urefu wake ufike toka chini mpaka kidevuni mwenu, na zaidi kidogo. Upinde mfupi mno huvunjika upesi. Fundi hupima hivi: aujua urefu wa mvuto, yaani toka upinde mpaka mkono unaovuta, aurudia mara mbili, kisha aongeza shubiri moja.

Kama shina ni nene zaidi, lipasueni kwa kabari na nyundo. Msilipasue kwa msumeno. Msumeno huenda mahali unapotaka wewe, nao hukata nyuzi. Kabari huenda mahali zinapotaka nyuzi. Mkipasua mti uliojisokota, vipande vitatoka vimejisokota. Msikasirike. Mti umewaonyesha wazi njia ya nyuzi zake.

Menyeni ganda polepole wakati mti ungali mbichi. Chini ya ganda mtaona uso laini. Uso huo ni tabaka moja la nyuzi, toka ncha hata ncha, na hakuna aliyelikata. Huo ndio mgongo wa upinde wenu. Tangu sasa msiuguse kwa kisu wala kwa tupa. Yote mtakayochonga, chongeni upande wa tumbo na pembeni tu.

Kukausha

Mti mbichi ukifanywa upinde, hukunjika na kubaki umekunjika. Ni lazima ukauke. Lakini ukikauka upesi juani hupasuka, hasa nchani, kwa sababu maji hutoka nchani mbio kuliko ubavuni. Basi pakeni nta au rangi kwenye ncha mbili, mkauweke mti kivulini.

Huku kwetu mvua hunyesha karibu miezi yote, na hewa ina unyevu. Kwa hiyo baada ya majuma mawili, uhamisheni mti kwenye uchaga wa jikoni, juu kabisa ya moto, mahali penye joto kidogo na moshi. Mti uliojisokota hupenda kujisokota zaidi unapokauka. Uzuieni: ufungeni kwa kamba juu ya boriti iliyonyooka, mafundo matano au sita.

Mtajuaje kama umekauka? Upimeni kwa mizani kila juma, mkaandike uzito wake. Uzito utapungua juma kwa juma, kwa sababu maji yanatoka. Siku utakapoacha kupungua, mti umekauka. Kazi hii yaweza kuchukua miezi miwili au mitatu. Asiye na saburi ataharibu kazi hapo.

Kunyosha kwa mvuke

Methali yasema: Samaki mkunje angali mbichi. Mti pia ni hivyo. Baada ya majuma mawili ya kwanza, kabla haujakauka kabisa, ndio wakati mzuri wa kuurekebisha. Chongeni kwanza umbo la upinde kwa kadiri tu: katikati mnene, ncha nyembamba.

Chemsheni maji katika chungu kikubwa. Wekeni sehemu iliyojisokota juu ya mvuke, mkaifunike kwa majani ya mgomba ili joto lisitoke. Mti wenye unene wa sentimeta 2 na nusu wahitaji kadiri ya saa moja. Joto na maji hulainisha kitu kinachoshikamanisha nyuzi, na kwa muda mfupi nyuzi huweza kuteleza kidogo moja juu ya nyingine bila kukatika.

Mtu mzima na awepo karibu, kwa maana mvuke waunguza vibaya kuliko maji ya moto. Utoeni mti upesi, mkaushike kwa vitambaa. Mmoja ashike katikati, mwingine azungushe ncha polepole, kinyume cha msokoto. Uzungusheni kupita kidogo mahali mnapopataka, kwa sababu utarudi nyuma kidogo. Ufungeni juu ya boriti, mkauache mpaka kesho. Kisha urudisheni kwenye uchaga umalize kukauka.

Msitafute unyofu kamili. Lililo lazima ni moja tu. Nyosheni uzi toka ncha hata ncha. Uzi huo upite juu ya katikati ya mshiko. Ukipita hapo, hata kama mikono ya upinde yapinda kama nyoka, upinde utapiga sawasawa.

Kusawazisha

Sasa imefika kazi ambayo ndiyo akili yote ya fundi. Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini. Yapasa mikono yote miwili ikunjike sawasawa. Mahali palipo pembamba kuliko pengine, hapo upinde utakunjika zaidi, na hapo utavunjika.

Simamisheni gogo lenye panda juu yake. Lazeni mshiko wa upinde katika panda hiyo, mkavute kamba chini kidogo, sentimeta 10 tu. Mtoto mwingine asimame mbali na kutazama. Mkono upi ni mgumu? Wapi hapakunjiki? Tieni alama kwa mkaa. Fungueni kamba, mkakwangue alama hizo upande wa tumbo, kwa kisu kilichoshikwa wima au kwa kipande cha chupa. Kwangueni kidogo tu. Kisha vuteni mara 30, mkatazame tena. Ongezeni mvuto polepole, sentimeta chache kila mara. Mti uliokwanguliwa haurudishwi.

Mnapofika penye fundo, msiendelee kama kawaida. Acheni mti zaidi pande zote mbili za fundo, ili nyuzi zinazolizunguka zibaki nzima. Upinde utakuwa na nundu hapo. Hiyo si aibu, ni nguvu yake.

Na kama mkono mmoja wazunguka unapovutwa? Jueni kwamba mkono huelekea upande ulio dhaifu. Basi kwangueni kidogo upande wenye nguvu, mpaka pande mbili zilingane.

Mwisho chongeni mabega madogo kwenye ncha, ili kamba isiteleze. Kamba ya upinde huitwa upote. Katika misitu yetu wazee walitumia kekele: huipasua, huikwangua mpaka iwe bapa, kisha huifunga kwenye ncha. Kekele haitanuki sana, nayo ndiyo sifa ya upote mzuri. Pakeni mti mafuta ya mawese kidogo, ili unyevu usiingie upesi.

Mafundi wa mahali pengine

Si sisi peke yetu tuliojifunza hayo. Katika msitu wa Ituri, mashariki yetu, Waefe na Wambuti hutengeneza pinde fupi zenye upote wa kekele. Mishale yao haina manyoya. Hupasua mshale kidogo nyuma na kuingiza jani gumu. Karibu na ziwa Eyasi, nchini Tanzania, Wahadzabe hupasha joto vijiti vya mishale motoni, kisha huvinyosha kwa mikono na meno. Hakuna kijiti cha porini kilichonyooka chenyewe, wao hukinyosha.

Katika Ulaya pia ni hivyo. Huko Denmark, mahali paitwapo Holmegaard, pinde zilipatikana matopeni mwaka 1944. Zina umri wa miaka kadiri ya 9,000. Huko Uingereza, meli ya vita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipotolewa baharini mwaka 1982, pinde zaidi ya 130 nzima zilikuwa zimekwisha kupatikana ndani yake. Waliozitazama waliona kwamba mafundi hawakuvikata vifundo. Waliviacha viinuke kidogo juu ya mgongo. Waingereza wa zamani zile na wazee wa msituni hawakuonana kamwe, lakini mti uliwafundisha jambo lile lile.

Mwenye upinde awe na akili

Msivute upinde na kuachia bila mshale. Nguvu yote hurudi katika mti, nao waweza kuvunjika. Baada ya kucheza, fungueni upote, upinde upumzike. Kabla ya kuvuta, pitisheni kidole mgongoni. Mkisikia uzi ulioinuka au ufa, acheni mara moja. Kumbukeni jicho la yule mtoto.

Msimwelekezee mtu mshale, hata kwa mchezo. Pigeni shina la mgomba uliokwisha kukatwa. Mshale huingia vema wala hauharibiki. Tena wako wanyama ambao sheria ya nchi yetu yakataza kabisa kuwaua, kama okapi na sokwe. Upinde ulio mkononi haumpi mtu ruhusa.

Yule mtoto alikata mpera wa pili, uliopinda kuliko ule wa kwanza. Safari hii alikaa miezi mitatu. Upinde wake ulipokwisha, ulikuwa na nundu moja na kombo mbili. Watoto wenzake wakamcheka. Alipovuta, mshale ukapita katikati ya shina la mgomba, na kicheko kikakoma.

Babu akauchukua, akautazama toka ncha hata ncha. Akasema, "Sasa umejifunza. Mti una njia yake. Ukiivunja njia hiyo, mti utakuvunja wewe. Ukiifuata, utakutumikia."

Maswali

1. Kwa nini upinde wa kwanza wa yule mtoto ulivunjika?
2. Mgongo wa upinde ni upande gani? Na tumbo je? Nyuzi za kila upande hufanywa nini upinde unapovutwa?
3. Kwa nini fundi hupasua mti kwa kabari, wala si kwa msumeno?
4. Mtajuaje kwamba mti umekauka?
5. Kwa nini ubao wa lifaki haufai kwa upinde?
6. Fundi hufanya nini anapofika penye fundo?

Maneno ya kukumbuka

kabari: kipande cha chuma au mti chenye ncha nyembamba, cha kupasulia mti.
kekele: mmea wa msituni unaotambaa, wenye miiba, hutumiwa kufuma viti na vikapu.
kombo: mahali palipopinda, pasiponyooka.
uchaga: kitanda cha miti juu ya moto, cha kukaushia vitu.
upote: kamba ya upinde.

Kazi ya mikono

Leteni shuleni vijiti vitatu vya miti mbalimbali. Menyeni ganda, mkavikaushe juma moja, kisha mdondoshe wino. Choreni katika daftari njia ya nyuzi za kila kijiti. Ulizeni nyumbani jina la kila mti katika lugha ya wazee wenu, mkaliandike chini ya picha.